Risasi Tatu Mahali Pasipotajika

Kabla hamjaniuliza niliua simba wangapi, niwajibu mapema: hata mmoja. Tembo nilimwona mara ya kwanza kwenye kalenda, nikiwa nimeshastaafu. Mimi nilikuwa askari wa kuzuia wanyama waharibifu hapa Kisii, miaka ya sitini ikielekea mwisho na ya sabini ikianza, na kwa muda wote huo niliangusha nguruwe mwitu tisa, tangi moja la maji, na mparachichi wa katekista mmoja ambaye hakunisamehe hadi alipofariki. Vijana mkisikia "bunduki ya serikali" mnadhani tulikuwa watu wa kutisha. Tulikuwa watu wa baiskeli na makoti ya mvua.

Lakini jambo moja nilijifunza vizuri, nalo ndilo nataka kuwaachia: namna ya kurekebisha bunduki ili risasi iende pale jicho linapotazama. Bunduki haizaliwi ikijua. Ukiigonga ukutani, ukiiangusha, hata ukibadilisha aina ya risasi, inaanza kuwa na mawazo yake. Lazima uipeleke mahali wazi, uipige mara kadhaa, uone inaelekea wapi, kisha uirudishe njiani. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Mimi na baba mkwe wangu ilituchukua wiki tatu, na karibu imtoe mama mmoja kwenye ardhi yake.

Niwajulishe watu kwanza. Baba mkwe wangu, Mzee Omwenga, ndiye aliyekuwa mkubwa wangu kazini. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, mrefu, goti moja bovu, mtu wa kunyoosha suruali kwa pasi ya makaa hata kama anakwenda kulala matopeni kungojea nguruwe. Nilimwoa binti yake Bosibori nikiwa tayari nafanya kazi chini yake. Watu waliniambia nina bahati, mkwe na kazi nyumba moja. Waliosema hivyo hawakuwahi kufanya kazi na mkwe.

Mama ninayemsema ni Kwamboka, mjane wa upande wa Nyaramba. Alikuwa na shamba la viazi vitamu lililoteremka hadi kijito, na nguruwe dume mmoja alikuwa amemfilisi misimu miwili mfululizo. Mwanawe alikuwa mfanyakazi wa majani chai Kericho. Akatuma neno: msimu huu wa tatu ukiliwa pia, nakuja na gari kukuchukua, shamba tunauza. Kwamboka hakutaka kwenda Kericho kulala kwenye chumba kimoja na wajukuu watano. Mume wake alikuwa amezikwa hapo kando ya migomba. Akaja ofisini kwetu Kisii, akaketi chini sakafuni ingawa kulikuwa na benchi, akasema hataondoka bila bunduki.

Sasa, bunduki. Wiki moja kabla, mimi ndiye niliyeibeba kutoka Suneka. Nilikuwa nimeifunga kwenye baiskeli, nikakutana na shangazi wa mke wangu, nikasimama kumsalimia. Shangazi wa mke hasalimiwi ukiwa juu ya baiskeli. Niliposhuka, baiskeli ikalala, na mtutu ukapiga jiwe kwa mbele kabisa, pale penye kile kijino cha kulengea. Niliinua, nikapangusa, nikaona haina jeraha. Sikumwambia Mzee. Hilo ndilo kosa la kwanza, vijana: bunduki ikianguka, sema siku hiyohiyo. Aibu ya siku moja ni nafuu.

Baadaye nilijitia moyo nikamwambia Mzee kwamba labda tuijaribu kabla ya kwenda Nyaramba. Akakubali, akatoa karatasi ya maagizo kutoka makao makuu. Karatasi ilisema bunduki ijaribiwe yadi mia mbili, mahali pa wazi, tambarare. Aliyeiandika bila shaka alikuwa akitazama mbuga dirishani. Hapa kwetu, ukinyoosha yadi mia mbili tambarare unapita mashamba ya watu kumi na wanne, makaburi mawili na choo cha shule. Tulijaribu barabarani tukashindwa, maana kila baada ya dakika mbili alipita mtu, na Mzee hawezi kuwa mtu wa kutosalimia kwa sababu ana bunduki mkononi.

Mwishowe tukapata pa kupigia: mlima hadi mlima. Mpigaji analala upande huu wa bonde, shabaha inakaa upande wa pili, mbele ya ukuta wa udongo pale watu walipokuwa wakichimba udongo wa matofali. Kwa risasi ni yadi mia mbili. Kwa miguu ni nusu saa, kushuka, kuvuka kijito na kupanda. Mtu mmoja lazima akae kule kwenye shimo la matofali, chini kabisa, na kitambaa chekundu kikiwa juu hakuna anayegusa risasi. Risasi ikipigwa, anatoka, anatazama, anapiga kelele kuvuka bonde kusema imeingia wapi. Goti la Mzee halikuweza kupanda. Kwa hiyo mtu wa shimoni nilikuwa mimi.

Mzee alichora nguruwe kwa makaa kwenye gunia, ukubwa wa nguruwe kamili, kichwa kikitazama kulia, mkia kushoto. Alichora vizuri mno, na hapo ndipo matatizo yetu yalipoanzia. Angechora duara tu tungemaliza siku hiyo.

Risasi ya kwanza ikalia. Nikatoka shimoni, nikatazama begani kwa nguruwe, hakuna kitu. Tumboni, hakuna. Nikafuata mchoro kuelekea kushoto, na tundu nikaliona. Lilikuwa katikati ya matako.

Lazima niwaeleze, kwa maana wengi wenu mmekulia Nairobi. Kwetu kuna chinsoni, yaani haya na heshima kwa pamoja, kati ya mzazi na mtoto, na zaidi sana kati ya mtu na wakwe zake. Mbele ya baba mkwe hutaji kiungo chochote kilicho chini ya kitovu, kiwe cha mtu au cha mnyama. Huonyeshi kwa kidole, hutafuti neno la kuzungukia, maana akielewa ni kama umetaja. Na mimi sikuwa namnong'oneza. Nilitakiwa nipaze sauti bonde zima, kina mama wakiwa kwenye majani chai pande zote mbili.

"Imeingia wapi?" Mzee akauliza kutoka ng'ambo.

"Imeingia kwa nguruwe, Mzee."

"Kwa nguruwe wapi?"

"Ndani yake."

"Ndani upande gani? Mbele au nyuma?"

Hata neno "nyuma" lingekuwa ni kutaja. Nikasema, "Imekaa vizuri, Mzee."

Akapiga ya pili na ya tatu. Zote zikaingia palepale, karibu sana hivi kwamba ungeweza kuzifunika tatu kwa kisahani cha chai. Hapa mnisikilize, maana ni elimu. Risasi tatu zikikaa pamoja, hata kama ni mahali pabaya, bunduki ni nzima na mpigaji ni mzima. Kilichopotoka ni kilengeo tu. Zikitawanyika, usiguse kilengeo, tafuta skrubu iliyolegea, au jitafute mwenyewe. Mzee alikuwa amepiga kama fundi. Mimi ndiye niliyeharibu kwa kusema "imekaa vizuri" mara tatu.

Alipotaka kuliona gunia nilimwambia limelowa. Lilikuwa kavu. Nililikunja nikalificha chini ya kitanda, kwa kuwa kumtandikia baba mkwe gunia lenye matundu mahali hapo ni kubaya kuliko kutamka.

Tukaenda Nyaramba. Mzee alisema kwa kuwa bunduki tumeipima kuvuka bonde, na nguruwe tutampiga kuvuka bonde, ni yaleyale. Tukalala ng'ambo ya kijito tukitazama shamba la Kwamboka. Kulipopambazuka, dume akatoka vichakani, mkubwa, akasimama akituonyesha ubavu kati ya matuta ya viazi, kichwa kulia. Mzee akapumua, akashika pumzi, akapiga. Nguruwe akaruka, akazunguka mara mbili kama anatafuta kitu, akakimbia.

Tulipovuka tulikuta mkia. Mkia tu, umelala juu ya tuta, na damu kidogo.

Mzee aliusukuma kwa ncha ya kiatu. Akasema risasi za siku hizi zinalowa njiani kutoka Mombasa. Mimi nikasema ndiyo, Mombasa kuna unyevu. Kwamboka alikuja akauokota ule mkia, akauliza kama hii ndiyo serikali yote iliyokuja au kuna nyingine nyuma. Baada ya siku mbili dume alirudi bila mkia, na kwa hasira au kwa njaa ya kuuguza jeraha alikula tuta zima hadi mizizi.

Niliumia, sifichi. Nilikuwa nikimwona yule mama akihesabu matuta kila asubuhi, na nilijua ni kwa ajili ya baiskeli yangu na mdomo wangu. Mwanawe alishatuma neno la pili: Jumapili nafika na gari, fungasha. Nikamweleza Bosibori, msiniulize kwa maneno gani. Akacheka. Yeye pia hawezi kumwambia baba yake. Kaka zake hawawezi. Mchungaji labda, lakini ungeanzaje na mchungaji?

Bosibori ndiye aliyekumbuka kwamba kwa ukoo Kwamboka ni nyanya wa Mzee Omwenga. Alimzidi miaka kama kumi na tano tu, lakini ukoo haujali miaka. Na kati ya nyanya na mjukuu hakuna chinsoni hata chembe. Kizazi kikirukwa, haya inaisha, wanataniana wanavyotaka hadi makaburini. Kulikuwa na mtu mmoja tu karibu yetu aliyeweza kumwambia Mzee ukweli, na ndiye aliyekuwa akiliwa viazi.

Nilipeleka gunia kwake Alhamisi. Sikusema neno. Nililitandika uani, nikageuka nikatazama migomba. Nikasikia mtu anakaa chini kwa kishindo. Kwamboka alicheka hadi akashika mbavu kwa mikono yote miwili, na jirani wakaja kuuliza ni nani amefariki.

"Na ulimwambia imekaa vizuri?" akaniuliza akipangusa macho.

"Ndiyo, Mama."

"Utaniua kwa heshima yako wewe."

Ijumaa tukarudi kwenye bonde. Nilimwambia Mzee kuwa mama mwenye shamba anataka kuhakikisha mwenyewe, na hakuna aliyemkatalia Kwamboka kitu. Tukashuka shimoni wawili, na gunia lilelile. Mzee akapiga. Tukatoka. Nikaziba masikio kwa vidole vyote viwili, kwa sababu kesho yake ilinipasa niweze kusema kwamba sikusikia. Hata hivyo nilisikia, na nadhani Kericho pia walisikia.

"Omwenga, mjukuu wangu! Umepiga matako!"

Kina mama kwenye majani chai wakaacha kuchuma.

"Nasema matako, Omwenga! Na si leo, ni tangu siku ile. Matako matatu, leo la nne. Huyo nguruwe amekukosea nini?"

Kutoka upande wa pili sauti ikaja polepole, sauti ya mtu anayejaribu kuwa mzee wa kanisa. "Upande gani, Nyanya?"

"Kushoto. Kama huamini uje nikuonyeshe kwenye langu."

Mzee akatoa nyundo ndogo na kipande cha shaba, akagonga kijino cha mbele. Lakini alikuwa amechanganyikiwa, akakigonga kwenda kulia. Sasa shikeni hili, hata kama hamtashika bunduki maisha yenu yote: kilengeo cha nyuma unakisukuma kule unakotaka risasi iende, lakini cha mbele unakisukuma kule ilikokosea. Cha mbele kinalifuata kosa. Ukigeuza, unaongeza. Risasi iliyofuata haikugusa gunia kabisa.

"Sasa umemwonea haya, umempita kwa heshima," Kwamboka akamwambia. "Rudi ulikotoka."

Akagonga kushoto, kidogo kidogo, na risasi ya tatu ikaingia begani, juu ya mguu wa mbele, mahali pazuri kabisa. Nikatoa vidole masikioni ili nisikie akiambiwa hivyo, lakini Kwamboka alikuwa na wazo jingine. Alikuwa anatazama bonde.

"Kutoka mlangoni kwangu hadi viazi vyangu ni hatua sitini," akasema. "Mnapimia huku kwa nini?"

Nikamweleza karatasi ya makao makuu. Akaniuliza kama karatasi inakula viazi.

Miaka mingi baadaye alitumwa kwetu kijana mmoja kutoka Nairobi na bunduki yenye darubini, amejaribu yadi mia tatu, anajivunia. Huku Nyamira, upande wa Nyaramba, kwenye ukungu wetu, alikuta nguruwe hatua ishirini mbele yake, akatazama kwenye darubini akaona manyoya tu, kila mahali manyoya, hakujua ni bega au ni sikio. Nilimwambia maneno ya Kwamboka. Pima bunduki kwa umbali wa shamba unalolilinda. Ya kuvuka bonde, waachie watu wa mbuga.

Basi tukapeleka gunia shambani kwake alasiri ileile, tukalisimamisha hatua sitini mbele ya ukingo wa udongo, jua likiwa bado juu maana Mzee hangeshika bunduki Sabato ikishaingia. Tulikuwa tumebaki na risasi mbili. Nililala barazani, nikaweka kigunia cha mchanga chini ya bunduki, si chini ya mtutu bali chini ya ubao wake wa mbele, kwani mtutu ukigusa kitu kigumu risasi inaruka juu. Mzee aliniambia nipige mimi, goti lake limechoka kulala. Nilipiga moja. Ikaingia begani, inchi mbili hivi juu ya nilipolenga. Ndivyo inavyokuwa, risasi iliyopimwa kwa mbali, ukiitumia karibu inakaa juu kidogo. Unalenga chini ya pale unapopataka, basi.

Kisha sisi watatu tukasimama mbele ya gunia. Sikuwa nimejua kwamba Kwamboka alikuwa ameyashona yale matundu manne ya matako ili gunia lisichanike, na kwamba uzi aliokuwa nao ulikuwa mwekundu, na viraka pia vyekundu. Mimi nikatazama juu mawinguni. Mzee aliyatazama mabaka yale, akakohoa.

"Siku ile," akasema, akiliambia gunia, "mkwe wangu aliniambia imekaa vizuri."

"Ilikaa," Kwamboka akamjibu. "Ilikaa pale watu wanapokalia."

Mzee aligeuka akaenda nyuma ya nyumba. Nilidhani amekasirika. Halafu tukasikia kicheko nyuma ya migomba, kicheko cha mtu asiyetaka mkwe wake amsikie, na nikatembea mbali kidogo ili nimpe nafasi.

Jumamosi tulikuwa kanisani. Nguruwe hakuwa Msabato. Alikuja, akala matuta mawili, na Kwamboka, ambaye alikuwa Mkatoliki, alimfukuza peke yake kwa kupiga debe huku sisi tukiimba. Alisema alitusikia hadi kule, na kwamba bora tungeimbia pale.

Jumapili kulipambazuka kwa ukungu. Nilikuwa barazani tangu kulipoanza kupata weupe, risasi moja ndani, hakuna nyingine. Kwamboka alisimama nyuma yangu na khanga mabegani. Mizigo yake ilikuwa imefungwa mlangoni, sufuria, godoro, kuku wawili kwenye kikapu, kwa kuwa mwanawe alikuwa ameshafika Nyamira usiku na gari la kukodi. Niliogopa kumwona yule mama akipanda gari lile.

Dume akatoka ukunguni bila mkia. Alikuwa karibu kuliko tulivyopima, hatua arobaini. Nikashusha kilengeo chini ya bega, nikatoa pumzi nusu, nikafinya polepole kama Mzee alivyonifundisha. Aliinama mbele, akalala juu ya viazi, hakuinuka.

Mzee akauliza kutoka upande wa migomba, "Imeingia wapi?"

"Begani, Mzee," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Gari lilipofika, mwana wa Kwamboka alikuta watu uwanjani na nguruwe katikati yao. Wasabato hawakumgusa, wakasimama mbali wakitoa ushauri wa namna ya kumbeba. Kwamboka hakumruhusu mwanawe aseme neno. Aliwaita Wakatoliki wawili, wakamtupa nguruwe garini, akaongeza magunia matatu ya viazi alivyochimba asubuhi hiyo, akaingiza kuku wake ndani ya nyumba, na godoro, na sufuria. Mwanawe akauliza atamwambia nini mke wake, maana ameshapanga pa kumlaza mgeni.

"Mwambie mgeni ameletwa," Kwamboka akasema, akifunga mlango wa gari. "Huyu hahitaji kitanda."